Kushuka Kabla ya Utepe

Safari iliyonifikisha Mbulu haikuwa safari ya kwenda Mbulu. Niliondoka Kahama juu ya lori la chumvi, nimekalia magunia, kamera nimeifunga kwa shuka kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na kando yangu pazia langu la studio limeviringishwa kwenye mti. Pazia lile lilichorwa maporomoko ya maji upande mmoja na ndege ya abiria upande mwingine, na mchoraji alikuwa ameipa ndege bawa moja refu kuliko jingine. Nilitaka kwenda Arusha. Vijana wote wenye kamera wakati ule walitaka kwenda Arusha. Lori likaishia Singida. Dereva akasema injini imechoka na yeye pia amechoka, nikalala kwenye benchi la stendi, na kulipokucha nikapata lori jingine lililokuwa linafuata ng'ombe mnadani Katesh. Nikashuka Katesh chini ya mlima, kwenye upepo unaomnyang'anya mtu maneno kabla hayajamtoka mdomoni, nikaingia kibanda cha chai. Mama muuza chai akalitazama pazia langu. "Wewe ni fundi wa mahema?" Nikamwambia mimi ni mpiga picha. "Sasa unafanya nini hapa? Panda Mbulu. Askofu anakuja kutoa kipaimara, watoto ni wengi, na mpiga picha wao amehamia Babati." Hivyo ndivyo nilivyoiacha Arusha kwa ushauri wa mama muuza chai. Basi likapita Dareda na kuanza kupanda ukuta ule wa bonde, utingo akitembea nyuma na gogo la kuzuia tairi, na mahali fulani tukaambiwa tushuke tupande kwa miguu. Nilitembea kwenye ukungu bila kumwona wa mbele yangu wala wa nyuma. Nilisikia tu watu wakizungumza, pande zote, na sikuelewa hata neno moja.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya ujumbe kutoka Mbulu ulioingia kwenye simu yangu mwaka huu nikiwa Tunduma, mpakani, ambako nilikuwa nauza miwani ya jua. Kwa umri wangu wa miaka arobaini na kitu nimekwisha kuuza vitu vingi katika miji mingi, na namba yangu ya simu ndiyo pekee ambayo haijahama. "Shikamoo baba mdogo," uliandikwa. "Mwalimu Boay ametutoka. Tunaomba picha yake kama unayo, ya kuweka kwenye msalaba. Nyumbani ipo ya kitambulisho tu na imefutika." Nikavuta sanduku la bati ninalohama nalo, nikamwaga picha kitandani. Nilikuta kiwiko chake. Nikakuta kofia yake pembeni ya picha nyingine, na mkono wake ulioshika pampu ya baiskeli, na kivuli chake kimelala barabarani. Kwa mwaka mzima mtu huyu alisimama hatua mbili kutoka kwangu na sikuwa na uso wake. Siyo kwamba alikataa kupigwa. Alikuwa siku zote anamsukuma mtu mwingine aingie kwenye picha.

Chumba nilichopanga Mbulu kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Emiliana. Mashine ikiunguruma, vikombe vilitembea juu ya meza vyenyewe, na unga ulipita chini ya mlango ukatua juu ya blanketi langu, juu ya viatu, juu ya kamera niliyoifunga kwa mifuko miwili ya nailoni. Dirisha lilikuwa moja, na asubuhi nyingi halikuonyesha kitu isipokuwa weupe. Baada ya kipaimara kazi ilipungua ikabaki ya picha za kitambulisho, na mimi niliyezoea joto na kelele za stendi nikajikuta nakaa kitandani nimevaa koti, nasikiliza watu upande wa pili wa ukuta wakicheka kwa Kiiraqw. Hakuna upweke kama wa kusikia kicheko usichojua kimetokana na nini. Mama Emiliana aliniletea makande na maziwa ya mgando, akasimama mlangoni kuhakikisha ninakula. "Wewe kijana unakula kama mgeni wa msiba," alikuwa akisema. "Huku kwetu hakuna aliyekufa. Kula!"

Wasichana wa Bashay niliwaona kwanza kwa pua. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya kushukia sokoni, ukungu bado mzito, nikasikia harufu kali ya kitunguu saumu ikinijia kutoka juu, halafu mlio wa chuma, halafu baiskeli nne zikanipita moja nyuma ya nyingine, kila moja na gunia nyuma, na juu yake wasichana waliofunga kitenge juu ya suruali za michezo. Nyuma yao, kwa miguu, akaja mtu mfupi mwenye kofia ya sufu na pampu mkononi, anahema. "Umewaona?" akaniuliza bila salamu. Nikasema nimewaona. "Nani alikuwa mbele?" Nikasema yule mwenye kitenge cha njano. Akafunga macho kwa furaha. Huyo alikuwa Mwalimu Boay, mwalimu wa shule ya msingi kule Daudi, na mwenye kitenge cha njano alikuwa Paskalina, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Familia yake ililima saumu Bashay. Wazo la mwalimu lilikuwa rahisi: mtu anayeweza kupanda mlima ule na gunia nyuma, ukimwondolea gunia, nani atamshika? Kulikuwa na mashindano makubwa ya baiskeli Arusha kila mwaka, na wanawake walikuwa na mbio zao. Paskalina alitaka kufika huko. Alitaka hilo kwa namna ambayo sijawahi kutaka kitu chochote, mimi ninayetaka kila kitu kwa muda wa wiki mbili. Siku moja nilimuuliza akishinda atafanya nini. Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Nitashindana tena," akasema.

Shida haikuwa miguu. Baiskeli zao zilikuwa zile nzito za Kichina za kubebea mizigo, na bila mdhamini wa kuwapa baiskeli za mbio na usafiri, Arusha ilikuwa mbali kama Ulaya. Nikawa naandamana na mwalimu kutafuta mdhamini, kwa sababu alisema mtu mwenye kamera shingoni huachiwa kiti. Tulishuka Katesh kwa Mzee Ntandu, tajiri wa kinu cha kukamua alizeti, ambaye mafuta yake yaliitwa Jua la Katesh. Alitupokea uani, kati ya mapipa, akatusikiliza mpaka mwisho huku akijipangusa mikono. "Mwalimu, nakuheshimu," alisema. "Lakini nikitoa, nani atajua? Ng'ombe wa mnadani? Niletee gazeti, nami nitaleta mafuta." Tukaenda Babati kwa mwandishi wa gazeti moja la Arusha, kijana wa rika langu mwenye kalamu tatu mfukoni. Naye akasikiliza mpaka mwisho. "Mhariri wangu ataniuliza mdhamini ni nani," akasema. "Bila mdhamini hayo ni mazoezi, mwalimu, siyo mashindano. Niletee mdhamini, nami nitaleta gazeti." Kwenye basi la kurudi tukamaliza kupanda ukuta wa bonde. Halafu mwalimu akacheka peke yake. "Unajua," akaniambia, "wale watu wawili wanapaswa kuoana."

Nyumbani nako maneno hayakukosekana. Nilikuwa nikiyasikia mashineni, wanawake wakingoja unga wao, wakichanganya Kiswahili pale walipotaka mgeni niambulie. "Anapanda mlima amekaa wazi kama mwanaume." "Nani atamwoa, spoki?" Mama Emiliana, aliyenipenda mimi kama mwanawe, hakulipenda jambo lile hata kidogo. "Baiskeli ni ya mwanaume kumbebea mke wake hospitali," aliniambia. Nikamuuliza je, mwanaume akiwa ndiye mgonjwa? Akafikiri. "Basi atangoja apone," akasema, tukacheka wote wawili, na ile ilikuwa jioni mojawapo ya chache nilizocheka nikijua sababu. Paskalina maneno hayo alikuwa akiyasikia kila siku na sikumwona akiyajibu. Alikuwa na njia yake: mama aliyemsema vibaya sana, siku ya pili alikuta gunia lake la mahindi limefikishwa mashineni kwa baiskeli, bila kuombwa.

Hatimaye Mzee Ntandu alilegea kidogo. Siku ya mnada mkubwa wa Katesh palikuwa na mbio za baiskeli za wanaume, kwenda Nangwa na kurudi, na akakubali ziwepo na za wanawake, zawadi iwe madumu ya mafuta, mradi mwandishi wa Babati awepo. Mwandishi akakubali kuwepo kwa kuwa sasa mdhamini yupo. Mwalimu Boay hakulala wiki nzima. Siku yenyewe upepo ulikuwa mkali, vumbi la ng'ombe limefunika jua, wafugaji wa Kibarbaig wamesimama na fimbo zao wakiangalia mambo hayo kwa upole wa watu walioona mengi. Wanaume wakaanza kwanza. Wakaenda, wakarudi, mshindi akabebwa juu, mgeni rasmi akampa mkono, mwandishi akaandika jina lake na la baba yake. Halafu ikatangazwa kwamba sasa ni zamu ya akina mama, na papo hapo moshi wa nyama choma ukaanza kuvuma kutoka upande wa machinjio. Nikamwona mgeni rasmi akiinuka, na waliokaa naye wakiinuka, na mwandishi akifunga daftari. "Nakuja sasa hivi," akamwambia mwalimu. "Wakirudi niite." Wasichana wanne wakaondoka kuelekea Nangwa mbele ya viti vitupu, mbele ya madumu ya mafuta yaliyopangwa kwa ustadi, mbele ya kamera yangu peke yake.

Kilichotokea waliporudi nimekisimulia katika vilabu na stendi nyingi, na kila mahali watu hucheka, nami huwaacha wacheke. Utepe ulikuwa umefungwa mwisho wa barabara. Kabla yake kidogo, wakijikinga na upepo kwa ukuta wa ghala, walikuwa wamesimama wazee watano waliotoka Bashay kuuza ng'ombe, na mmoja wao alikuwa baba mkubwa wa Paskalina. Lazima nieleze jambo moja kwa asiyejua kwao. Kule, mtu mdogo akiwa juu ya baiskeli hampiti mkubwa. Anashuka, anaiegemeza kiunoni, anasalimia, anaulizwa habari za nyumbani, na hupanda tena akishaambiwa aende. Msichana ndiyo zaidi. Hakuna aliyefikiria kuwaambia wazee wasisimame pale, na hakuna aliyefikiria kuwaambia wasichana wapite, kwa sababu kwa watu wa kule wazo lenyewe halikuwepo. Paskalina alitokea kwenye vumbi akiwa mbele sana, kichwa chini, miguu inazunguka kama mashine ya kusaga, na watoto wakaanza kupiga kelele. Akainua kichwa, akawaona. Akashuka.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba," wakaitikia wote, na baba mkubwa akasogea mbele. "Hujambo mwanangu. Nyumbani mmeamkaje?"

"Tumeamka salama, baba."

"Na mama, kifua?"

"Amepata nafuu."

"Yule ndama?"

"Ananyonya."

Mwalimu Boay alikuwa kando yangu amejishika kichwa kwa mikono miwili. Kuwakatiza asingeweza, wale walikuwa wakubwa zake pia. Na wakati ndama anaulizwa habari, msichana wa pili akafika. Nikadhani atapita na kushinda. Akashuka, akasimama nyuma ya Paskalina. "Shikamooni." Akaja wa tatu, akashuka. Akaja wa nne. Wakawa wamejipanga wote wanne, jasho linawatiririka, kila mmoja na baiskeli yake kiunoni, wakijibu habari za mvua na za kaka aliyeko Haydom, na utepe unapigwa na upepo hatua chache mbele yao. Nikapiga picha. Baba mkubwa akamaliza. "Haya, nendeni mkamalize mchezo wenu." Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo wanaocheka huwa hawalisikii: walipanda kwa zamu waliyofika. Paskalina akapanda, wa pili akangoja mpaka ameondoka kwa umbali ule ule aliokuwa amemwacha njiani, ndipo naye akapanda, kisha wa tatu, kisha wa nne. Hakuna aliyewapangia. Mbio zikaendelea kutoka pale zilipoachwa, kama mazungumzo.

Mwandishi alifika na kijiti mdomoni akaona mwisho wa mbio hizo, akacheka mpaka akakaa chini. Aliniomba filamu. Nikamwangalia mwalimu, mwalimu akamwangalia Paskalina. "Watatucheka," mwalimu akamwambia. Paskalina alikuwa ameinama, mikono magotini, bado anatafuta pumzi. "Wakicheka watakuwa wameona," akasema. "Mpe."

Gazeti lilipanda Mbulu na basi, likasomwa mpaka likachanika. Picha ilikuwa nzuri. Chini yake yaliandikwa maneno ya kuchekesha kuhusu wanawake wa kijijini ambao kwao salamu ni kubwa kuliko ushindi. Jina la Paskalina halikuwepo, wala la mwenzake yeyote. Jina lililokuwepo lilikuwa la mgeni rasmi, ambaye wakati ule alikuwa anakula. Madumu ya mafuta nayo yalikuwa yamekatwa pembeni mwa picha. Tulifikiri Mzee Ntandu atatufukuza. Badala yake alituita Katesh, akatukalisha hotelini mbele ya ugali na mbuzi wa kuchemsha, akalitandaza gazeti kati ya mifupa. Paskalina alikuwepo, amekaa mwisho wa meza, hakugusa nyama. "Wamenipigia simu kutoka Arusha," mzee akasema, anang'aa. "Wameipenda! Sasa sikilizeni. Baiskeli za mbio natoa. Usafiri natoa. Fulana zinashonwa, Jua la Katesh kifuani na mgongoni. Arusha mbio ni za kuzunguka mji, mnapita mbele ya hema la mgeni rasmi mara nyingi. Wewe binti, mzunguko wa kwanza, ukifika mbele ya hema, unashuka kama ulivyoshuka hapa. Unapiga goti. Shikamoo mheshimiwa. Wapiga picha watakuwa tayari, nimeshapanga nao, na wa televisheni yupo. Halafu unapanda unaendelea. Mizunguko iko mingi, utawafikia tu."

Yeyote aliyewahi kusukuma baiskeli anajua kwamba mtu akishuka mzunguko wa kwanza hawafikii wenzake tena. Lakini Mzee Ntandu alikuwa mkubwa, na mtu mdogo hamkatalii mkubwa usoni, mezani pake, na chakula chake kimeshaliwa. "Sawa, mzee," Paskalina akasema. Njiani alimuuliza mwalimu afanye nini. "Mimi siwezi kukuambia," akasema. "Nikikuambia pita, nitakuwa nimekufundisha kumdharau mtu mzima. Nikikuambia shuka, sijui nitakuwa nimekufundisha nini."

Arusha ilinipokea hatimaye, mwaka mzima baada ya kuikusudia, na nilikaa ndani yake siku moja. Nakumbuka mvua nyepesi na lami inayong'aa. Nakumbuka wanawake wa pale na baiskeli zao za gia, wanacheka na watu wanaowajua, na wasichana wetu wamesimama pembeni katika fulana za njano zilizokuwa kubwa mno. Mimi niliwekwa mbele ya hema pamoja na wapiga picha wengine, na Mzee Ntandu nyuma yetu, karibu na mgeni rasmi, anamnong'oneza. Wakaanza. Kundi likatokea kwenye kona ya juu, na ndani yake fulana ya njano ikiwa ya tano au ya sita. "Huyo, huyo!" mzee akasema, na kamera zote zikainuka. Paskalina alikuja mpaka karibu kiasi kwamba niliona maji kwenye kope zake. Alilitazama hema. Nitaapa mpaka nife kwamba mguu wake ulilegea kidogo, ule wa kushukia. Halafu akainamisha kichwa, akapita.

Wapiga picha wakashusha kamera wakimwangalia mzee. "Atashuka mzunguko wa pili," akasema. "Ameghafilika." Mzunguko wa pili akapita tena, sasa akiwa wa nne. Mzunguko wa tatu Mzee Ntandu alisogea mpaka ukingoni mwa barabara akipunga mikono yote miwili kama anayesimamisha basi, na Paskalina akapita. Yule wa televisheni akafunga vitu vyake akaenda upande walikokuwa wanajiandaa wanaume. Paskalina alimaliza wa pili. Wa pili, kwa baiskeli aliyoizoea kwa siku chache tu, kwenye lami ambayo hakuwahi kuikanyaga. Mwalimu Boay alikuwa anaruka peke yake kwenye mvua, kofia imemdondoka, na mimi filamu ilikuwa imekwama ndani ya kamera kwa unyevu. Watu wengine waliokuwa wakiangalia walikuwa wachache. Hema lilikuwa limeanza kumiminika kuelekea mbio za wanaume.

Alichofanya baadaye ndicho ninachokifikiria zaidi. Alishuka kwenye baiskeli, akaikokota kurudi barabara nzima mpaka kwenye hema, akamkuta Mzee Ntandu anapandisha mabango yake kwenye pikapu. Akaiegemeza baiskeli kiunoni. Akainama. "Shikamoo, mzee." Hakuna aliyekuwa akipiga picha. Mzee hakumwitikia. Akamwambia dereva, "Chukua hiyo baiskeli," na dereva akaichukua mkononi mwake, na za wenzake watatu pia. Paskalina alibaki ameinama kwa muda, akingoja marahaba kama mtu anayengoja chenji. Kwenye basi la usiku ule tulirudi tumebanana viti vya nyuma, harufu ya nguo mbichi, wenzake wamelala. Nilimsikia akimwambia mwalimu taratibu, kwa Kiswahili, labda ili na mimi nisikie: "Ningeshuka pale, ningekuwa naigiza heshima ya wazee wangu." Mwalimu alimfunika kwa koti lake.

Kesho yake tuliketi kwa Mama Emiliana kusikiliza redio. Mama yake Paskalina alikuwa amekuja kutoka Bashay kwa ajili ya hilo, amevaa nguo ya kanisani. Walisoma matokeo ya wanaume mpaka wa kumi, na klabu zao, na wadhamini wao. Kisha mtangazaji akasema kwa upande wa wanawake mshindi ni fulani wa Arusha, akataja hali ya hewa. Mama yake akaendelea kuisogelea redio, akidhani kuna yanayofuata. "Wamesema?" akatuuliza. Mama Emiliana, yule aliyesema baiskeli ni ya kumbebea mke hospitali, alinyoosha mkono akaizima. "Betri imeisha, mama," akamwambia. "Wamesema, lakini betri imeisha." Akaenda jikoni akaleta maziwa, akampa kikombe kikubwa zaidi.

Baada ya hapo sikukaa sana. Sina sababu ya kutosha. Palikuwa na baridi, kazi ilikuwa ndogo, na mimi nikishaona mwisho wa jambo miguu huanza kuniwasha. Nimeondoka hivyo mahali pengi, nikiwaacha watu wema mlangoni, na kila mara nadhani mbele kuna chumba ambacho ukuta wake nitauelewa. Siku ya kuondoka nililala Daudi kwa Mwalimu Boay, kwa kuwa basi la Karatu lingepita pale asubuhi. Mkewe alinipikia viazi na mayai. Mwalimu alizungumza habari za mashindano ya mwaka ujao kama vile hayajawahi kuwepo ya mwaka huo. Alikuwa amesikia kuna duka la pembejeo Babati, mwenyewe ana binti wanne, mtu kama huyo hawezi kukataa. Akaniuliza kama nikipata anwani nitamwandikia. Nikasema ndiyo. Alikuwa na vipindi, akaenda shuleni, nami nikabaki barabarani na sanduku na pazia langu.

Paskalina alitokea upande wa mjini kwa baiskeli yake ya Kichina, bila gunia. Alishuka, akanisalimia, akauliza kama nimekula. Halafu akaniuliza kama kwenye kamera imebaki picha. Nikamwambia ipo moja. Nikaanza kumwonyesha mahali pa kusimama, mwanga uwe mbele yake. Akatikisa kichwa. "Picha zangu zote umenipiga nimesimama, Bwana Picha," akasema. "Hata ile ya gazeti." Ilikuwa kweli. Kamera yangu ilikuwa ya watu waliotulia. Ya kipaimara, ya harusi, ya kitambulisho. "Leo usiniambie nisimame."

Aliikokota baiskeli kupanda kilima mpaka nikamwona mdogo. Nilipiga goti ukingoni mwa barabara, nikaweka jicho. Nikasikia basi la Karatu likibadilisha gia mahali fulani nyuma ya kilima, nikaomba lichelewe. Akaanza kushuka. Mwanzo polepole, kisha hakuwa anazungusha miguu tena, alikuwa ameinama juu ya usukani na barabara ndiyo iliyokuwa ikimleta, kitenge kimefura nyuma yake, mawe yanaruka, na hakunitazama mimi wala kamera, alitazama mbele. Nikabonyeza alipokuwa sambamba na mimi. Sijui kama nilibonyeza mapema au nilichelewa. Nilisikia mlio wa kamera na upepo wake kwa pamoja. Nilipoinua uso alikuwa ameshapita kona ya chini, na hakusimama, na basi likaja likasimama mbele yangu na utingo akashuka kuchukua sanduku.

"Unamngoja mtu?" akaniuliza, kwa sababu sikuwa nimeinuka.

"Hapana," nikasema. "Alishapita."